Saa Shingoni mwa Mbwa

Jumanne, baada ya Isha

Damu ya Okello imekataa kutoka kwenye shati langu la kazi.

Ofisi ilitugawia sisi walinzi saa za kuhesabu hatua, kompyuta izikusanye na kuchagua wa kubaki kazini, eti kampuni idumu. Leo imembakiza Okello, imemfukuza Juma. Juma akienda zake, akaikuta saa ya Okello shingoni mwa mbwa wa geti, akamgeukia Okello.

"Afande, umenishinda kwa miguu ya mbwa?"

Akamtwanga rungu la taya. Nilisikia mfupa ukivunjika. Nilipomvuta, akanibamiza ukutani. "Niache, Hajati, nimuue!"

Ya Rabi, Juma ana watoto wadogo, na sasa yuko selo. Kesho polisi wataniuliza nani alianza. Nitaapa kwa Msahafu kwamba ilianza kompyuta.