Sauti ya Njeru Kwenye Simu

Timau

Mpendwa Mama Wanja,

Naomba Mungu barua hii ikukute mzima hapo Gachoka, na mvua iwe imewafikia. Huku baridi ya mlima inauma lakini tunaamka. Wanja bado anakohoa? Na mama yangu, goti lake limepoa?

Naandika kwa sababu simu imetugombanisha. Tangu nikukatie ile siku hujanipigia, nami sikulaumu. Lakini nikueleze kile nilichosikia mimi. Nilikuuliza umeshindaje, nikapata mnong'ono tu, maneno nusunusu. Halafu yule Njeru mnunuzi wa majani yetu ya muguka ya kutafuna akasema hapo nyuma yako, wazi kabisa kama tuko naye shambani, "Chai yako ni tamu, Mama Wanja!" Kila nikipiga ni hivyo. Wewe unanong'ona, yeye ananguruma. Nikajiambia, mke wangu anaficha sauti kwa ajili ya mwanamume. Wivu ukanizidi hadi siku ile nikakukatia simu.

Msimamizi wetu hapa shamba la ngano ndiye aliyenituma hospitali Meru, baada ya kuniita kutoka nyuma mara nyingi bila mimi kugeuka. Daktari wa masikio, mama mpole, aliniketisha kwenye chumba kidogo akanivalisha hedifoni. "Ukisikia mlio, inua mkono." Milio mizito niliinua. Kisha nikakaa nikingoja, nikamuuliza, "Mashine imezimika?"

"Hapana, baba. Nimekuwa nikibonyeza wakati huu wote."

Akanieleza kwamba sauti ni hewa inayotikisika. Inakuja kwa mawimbi, inapiga ngozi nyembamba ndani ya sikio, na ngozi ile inasukuma vifupa vitatu vidogo. Ndani zaidi kuna kitu kilichojikunja kama gamba la konokono, kina vinyweleo ambavyo huwezi kuviona kwa macho, na hivyo ndivyo vinavyoupelekea ubongo habari. Vinyweleo vya sauti nyembamba viko karibu na mlango, na kelele huviua kwanza. Mashine ya kuvuna ngano imenilia masikioni miaka hii yote. Vikishakufa haviwezi kuota tena.

Kumbe hukunong'ona. Sauti yako ni nyembamba, yake ni nzito, basi. Nilishukuru, Mama Wanja, lakini kabla sijafika Timau hasira ikarudi. Yaani katika watu wote, sikio langu limenibakishia Njeru? Yeye anakusikia ukicheka. Mimi mumeo namsikia yeye akisifu chai. Najua hujanikosea, lakini wivu wangu haukuenda hospitali.

Sasa navaa vizibo vya masikio kazini, na wamekubali kunihamishia stoo mavuno yakiisha. Nikija Krismasi, keti mbele yangu, si kando, uongee polepole nikiona midomo yako. Na muguka ipimwe nje kwa lango. Chai akanunue hotelini.

Msalimie mama yangu, na dada yako fundi wa nguo. Mkumbatie Wanja. Njeru simsalimii.

Ni mimi mumeo,
Baba Wanja