Kamba Ilipolegea Chini ya Bwawa

Jumatano, Mikumi. Jua limewaka tangu asubuhi na bado mimi nina baridi. Nimekaa mbele ya banda langu la matairi, malori ya Iringa yanapita, na mimi naandika haya kwenye simu.

Leo nimezamia majini kwa mara ya kwanza baada ya miaka tisa.

Wanaonijua kama Mama Salma wa upepo na pancha hawajui kwamba niliwahi kuishi kwa kuzamia, kule pwani. Niliacha siku niliponaswa na wavu mita kumi na nane chini. Mwenzangu nilimpa ishara hewa yangu ikiwa imebaki bar sabini kwenye kipimo, na mtungi uliojaa ni mia mbili. Aliiona, akapanda juu. Nilijikata peke yangu, nikafika juu na bar kumi na tano. Bosi akaniambia mbele ya wote kwamba nimekosea hesabu ya hewa. Mimi! Daftari langu lilikuwa palepale kwenye boti na hakuna aliyelifungua. Nilirudi kwetu Kilosa na begi moja, nikajifunza kuziba matairi, nikahamia hapa barabarani. Tangu siku hiyo hata beseni siinamishi uso ndani yake. Naosha kwa kiganja.

Sasa kuna bwawa la umwagiliaji upande wa Kilosa. Mvua za mwanzo zilisukuma magogo, geti likanasa likiwa limekaribia kufungwa, kisha mvua ikakata. Vitalu vya mpunga vinakauka huku bwawa limejaa. Mzee Athumani, mwenyekiti wa kamati ya maji, alimfahamu marehemu baba, na alikumbuka kazi yangu ya zamani, akaniomba nizamie niyatoe magogo. Nikasema hapana mara mbili. Ya tatu nikaenda kuviona vile vitalu, na hilo lilikuwa kosa, maana ukishaviona huwezi kusema hapana.

Mitungi miwili ya hewa ilitoka Dar kwa basi. Mzee Athumani alishangaa. "Mwanangu, si una mashine ya upepo dukani? Ungejaza tu." Nikamweleza kuwa upepo wa tairi una moshi na mafuta, tairi halikohoi, mimi nitakufa. Akasema basi tairi lina afya kunishinda.

Kamba niliyofungwa nayo aliishika Masanja, mfugaji, mtu mzima wa makamo. Ng'ombe wake wanakunywa kwenye mfereji uleule, kwa hiyo na yeye ana shida na lile geti. Nilimpa maelekezo huku napandisha suti ya mpira: nikivuta mara moja niko salama, mara mbili niongezee kamba, mara tatu nivute juu haraka. Akaitikia kwa kichwa. Usukani wa geti niliufunga kwa mnyororo, kwa sababu geti likifunguka mtu yuko mdomoni mwake, maji hayamuulizi jina.

Kina ni mita tano na nusu. Si kitu. Zamani kwenye mita tano nilikuwa bado naosha miwani ya kuzamia.

Lakini maji ya bwawa si ya bahari. Mita moja tu chini, mkono wangu ulififia, ukapotea. Nilishuka kwa kupapasa. Nikagusa zege, nikagusa chuma, nikagusa gogo la kwanza. Kisha tawi likaingia kati ya mguu na pezi la mpira la kuogelea, nikajipinda ili nilitoe, na la pili likashika mtungi mgongoni.

Nikavuta kamba mara tatu.

Kamba ikalegea.

Ilinishukia polepole, mabegani, shingoni. Nikavuta tena tatu, ikaja nyingine nyingi. Sijui niseme nini kuhusu dakika ile. Nilijua kwa hakika kabisa kwamba huko juu hakuna mtu. Nilimwona binti yangu Salma anaambiwa habari na mtu asiyejua kuzungumza taratibu.

Kilichoniokoa ni kisu na ukaidi. Nilikata mkanda wa pezi, nikarudi nyuma badala ya kwenda mbele, nikatoka. Kwa dakika kumi na moja nilitumia bar themanini. Zamani ningetumia ishirini. Hofu imekunywa hewa ya watu wanne.

Nilipotoka sikusalimia mtu. Nilimwendea Masanja mbele ya kamati yote nikamuuliza kama hajui kuhesabu mpaka tatu.

"Nilihesabu, Mama Salma. Tatu nilizipata zote, mara zote mbili."

"Na hukuvuta?"

"Ulikuwa unahangaika. Ndama akihangaika kwenye kamba unamlegezea. Ukivuta, unamnyonga."

Wakacheka. Mzee Athumani akasema leo ameona ndama anayezama na miwani. Masanja hakucheka. Alikuwa anakunja kamba, akiangalia viganja vyake.

Mimi nikapakia vitu, nikaondoka bila kuaga, magogo yakiwa bado getini.

Njia nzima nilikuwa na hasira naye, na kabla sijafika Mikumi hasira ikaisha. Nilimfundisha mara moja, kwa mdomo, huku nahangaika na suti, nikaona kichwa chake kinaitikia nikadhani na mikono yake imeelewa. Mikono yake inajua kamba miaka arobaini kabla yangu. Kisha nikamtangaza mbele ya watu kwamba hajui hesabu. Nalijua neno lile. Nililibeba miaka tisa, leo nimemtwika mwingine.

Kamati inaweza kunipa mshika kamba mwingine. Lakini nani mwingine angezihisi zile tatu kupitia kamba nene, ndani ya tope, na kuzipata zote?

Hapana. Ni yeye yule. Nimeamua tufanye mazoezi nchi kavu mara ishirini, mimi nimelala chini nimefunga macho, mpaka mikono yake isahau ndama. Na nikishuka tena, hewa ikipungua bar thelathini ndani ya dakika tano za kwanza, napanda na sirudi, hata mpunga ulie.

Sasa hivi ameniandikia, kabla sijamwambia lolote. "Mama nimefanya mazoezi ya kamba na mke wangu mara 12. Nimelegeza mara 2 tu. Anasema nimemchubua."

Nimemjibu tukutane saa moja asubuhi, kabla sijaogopa upya. Samahani sikuiandika. Nilimtukana mbele ya watu, kwa hiyo itabidi niiseme nikiwa nimesimama palepale, wale wale wakisikia.

Naogopa. Sitajidanganya. Swali si kama Masanja atavuta. Ni iwapo mimi, nikiwa kule gizani, nitatulia kwa muda ule kati ya kuvuta kwangu na kuvuta kwake.