Vumbi la Kastori

Jumatatu, 10 Julai

Nimefungua kichwa cha injini tena. Mara ya tatu tangu Pasaka. Ringi zimelika, silinda zimekwaruzika, oili inainywa kama togwa. Abiria wa Mwimbi wanalalamika kwamba wakishuka kwenye pikapu yangu wananuka moshi. Wana haki. Baridi kali, vidole vinagoma kushika spana. Mama kaniletea jiko la mkaa miguuni, akakaa hapohapo, akaanza rozari. Sijui aliniombea mimi au aliombea injini.

Kastori kapita na pikapu nyeupe. Kapiga honi. Kila akipita hapa kwetu Kizwite anapiga. Mtu aliyekuwa mume wangu miaka tisa ananipigia honi kama anafukuza kuku barabarani.

Namchukia. Basi.

Jumatano, 12 Julai

Tajiri wa vipuri katembeza kipaza sauti mji mzima. Mbio za mabingwa, uwanja wa zamani wa ndege, Jumamosi ya tarehe 22. Si za kutafuta bingwa wa mwaka. Ni maonyesho tu, watu wafurahi na duka lake lijulikane. Wanaingia waliowahi kushinda, nao ni wanne. Kastori katajwa wa kwanza.

Zawadi ni injini nzima. Imetoka ng'ambo, iko kwenye kreti mlangoni mwa duka, watu wanaipapasa kama ndama. Zamani ukitaka ringi moja unaandika barua mkoani, unangoja mwaka. Sasa ni soko huria. Kila kitu kipo, unakitazama.

Nami nimeitazama. Inaingia kwenye pikapu yangu bila kukata chuma. Nikiipata nina kazi ya miaka kumi. Nisipoipata, hii yangu haifiki masika, na mimi narudi Mwimbi kulima ulezi kwenye shamba la kaka.

Sijawahi kushinda mbio zozote. Lakini kuna nafasi ya tano. Mmoja atachaguliwa na watu.

Ijumaa, 14 Julai

Niandike jambo hili lote mara moja, liishe.

Ile pikapu nyeupe niliifufua mimi. Ilikuwa mzoga wa chama cha ushirika nyuma ya ghala, kuku wanataga kwenye kiti cha dereva. Kastori alisaini karatasi. Kazi nilifanya mimi, miaka minne, maana baba alikuwa fundi na ufundi alinipa mimi, si kaka. Hakuna nati kwenye gari lile ambayo sijaikaza kwa mkono wangu.

Baba akafariki. Nikaenda Mwimbi msibani, nikakaa wiki mbili. Niliporudi, uani palikuwa na doa la oili tu. Gari limehamia mtaa wa Chanji pamoja na mwenyewe, kwa mke mwingine. Baraza la kata likauliza kadi ina jina la nani. La Kastori. Kesi ikaisha kabla chai yao haijapoa. Nikabaki na hii pikapu kuukuu ya baba.

Hakuja hata kuzika. Alitumia msiba wa baba yangu kuhamishia gari. Hilo silisamehe. Padri anajua, nimemwambia mwenyewe kwenye kitubio. Kanipa sala, nimezisali zote, na bado silisamehe.

Jumapili, 16 Julai

Nimechaguliwa!

Kura zilipigwa baada ya misa, kwa magunzi. Wagombea watatu, mikokoteni mitatu. Unayemtaka unatupia gunzi kwenye mkokoteni wake. Ilitangazwa mtu mmoja gunzi moja. Akina mama wapika pombe wa Kizwite wakafika na vikapu vimejaa, wakamimina kwangu. Msimamizi kapiga kelele mpaka kakauka koo. Mzee mmoja akasema, "Si mliambiwa vyama vingi? Ndivyo hivi!" Watu hoi kwa kicheko.

Najua wengine wamenichagua kwa huruma, na wengine ili waone mwanamke anavyoaibika. Haidhuru. Gunzi ni gunzi.

Kastori alikuwa ameegemea ukuta, anatafuna muwa. Jina langu liliposomwa akacheka, akatema makapi. Tangu hapo siwazi injini tu. Nataka ale vumbi langu mji mzima ukitazama.

Jumatano, 19 Julai

Masharti yametoka. Raundi nane. Kila gari libebe magunia sita ya mahindi, maana pikapu tupu inaruka kwenye changarawe. Gunia likianguka umetoka. Hilo la kufunga mzigo sina wasiwasi nalo.

Nimesaga valvu, nimechagua ringi zenye nafuu, nimeweka oili nzito. Raundi nane itavumilia. Baada ya hapo Mungu anajua.

Upepo wa Julai unatoka mashariki. Baba alikuwa akisema, mwezi huu usimfuate mtu mgongoni, pita upande upepo unakotoka. Wafipa wote tunajua hilo. Kastori naye anajua. Kwa hiyo nitamzibia upande huohuo.

Nimekutana na Masanja, yule Msukuma wa malori ya kubeba ng'ombe, naye ni mmoja wa mabingwa wanne. Nikamtania kwamba kazoea kuswaga, sijui kama kuendesha anaweza. Akajibu, "Mfipa, unahangaika na ringi za nini? Si una ungo wa kurukia usiku?" Nimecheka mpaka machozi. Mara ya kwanza wiki hii.

Ijumaa, 21 Julai

Sili. Ugali hauteremki. Mama kauliza, nikiipata injini nitamtoa Kastori moyoni? Nimesukuma sahani. Kaniambia hasira ni hasara. Hata huo msemo umenikera.

Jumamosi, 22 Julai

Niandike yote, na niandike kweli.

Watu walijaa pande zote za uwanja, hadi juu ya paa la gari la maji. Magari matano. Mimi nilipangwa nyuma kabisa kwa kuwa ni wa kura. Bendera ikashuka.

Raundi ya kwanza gunia la mmoja likadondoka, katoka. Ya tatu nikampita mwingine kwenye kona, anachelewa kubadili gia. Masanja alikuwa anaendesha taratibu, pembeni, kwenye nyasi upande wa mashariki. Nikampita nikidhani gari lake limechoka. Raundi ya tano nikamkuta Kastori. Nililijua gari lile kwa sauti, lilipo dhaifu napajua: likitoka kwenye kona linavuta pumzi. Nikamngoja pale, nikampita. Nikawa wa kwanza. Mimi, wa kwanza.

Injini ilikuwa inaimba. Haikugonga, haikupoteza nguvu. Mguu wangu ulikuwa haujafika chini. Ningekanyaga mafuta ningewaacha wote, nikaenda kubeba kreti langu.

Lakini ningekanyaga, Kastori angebaki nyuma kwenye hewa safi.

Nikalegeza mguu. Nikamvuta karibu, mpaka pua ya gari lake ikawa ndani ya vumbi langu. Akienda kushoto, nami kushoto. Akienda upande wa upepo, nipo. Raundi ya sita, ya saba. Nilimwona kwenye kioo anafuta uso kwa kiganja, ametoa kichwa dirishani, anakohoa, mwekundu kama tofali. Nikapunguza zaidi ili ale zaidi. Nilikuwa nacheka peke yangu humo ndani. Nikasema kwa sauti, "Kula. Kula, bwana. Vumbi la msiba hilo."

Raundi ya nane, kona ya mwisho, Masanja akatokea kwenye zile nyasi, upepo mgongoni pake, bila tone la vumbi usoni. Akatupita wote wawili. Nikakanyaga. Nilikuwa nimechelewa. Kanishinda kwa urefu wa pikapu moja.

Niandike na hili: wakati ananipita, nilikuwa bado nacheka.

Jumapili, 23 Julai

Kanisani wamenishika mkono mmoja mmoja. Pole Skola. Injini imekuangusha. Ungekuwa na gari zima, maskini.

Wote wanasema hivyo. Hakuna aliyeona nilichofanya. Mji mzima ulikuwa unatazama na haukuona.

Jumatatu, 24 Julai

Imekufa. Njia ya Mwimbi, nikiwa na abiria saba na mbuzi. Pistoni imetoboa bloku. Abiria wamemalizia kwa miguu. Mimi nilikaa kando ya barabara hadi jioni, nikavutwa na trekta la misheni.

Jumatano, 26 Julai

Kastori kaja kwa miguu. Kavua kofia, kampa mama shikamoo. Mama kaitikia. Macho ya Kastori bado mekundu, kifua kinamkereketa. Nilingoja aseme. Nilikuwa na maneno tayari, nimeyatayarisha mwaka mzima.

Akasema, "Skola, pole. Nimesikia imekufia njiani. Nilikuwa nyuma yako Jumamosi, niliona kabisa injini inakukatalia. Nikasema moyoni, huyu angekuwa na injini tusingemwona."

Hakuwa anakejeli. Namjua, akikejeli hutazama pembeni. Alinitazama usoni. Alikuwa ananihurumia.

Ningemwambia. Neno lilifika kwenye ulimi. Halafu nikaona nitakachokuwa nakisema: kwamba ile zawadi nilikuwa nayo mkononi, nikaiacha, kwa ajili yake.

Nikasema asante. Akaaga, akaondoka.

Mama alikuwa anapepeta ulezi. Ameishi na fundi miaka arobaini, na Jumamosi alisimama karibu kabisa na kona. Hakuinua kichwa.

"Ile injini ilikuwa nzima," akasema.

"Ilikuwa nzima, mama."

Akaendelea kupepeta. Nikaingia ndani kufunga vyombo. Kaka anatungoja Mwimbi Ijumaa.