Nilizima Ombi la Mama Wambui

Alhamisi. Jua limewaka Makongeni tangu asubuhi, na mimi hata chai imenishinda kumeza.

Mnaopita hapa mnajua cyber yangu, hili duka la intaneti, ni ndogo: kompyuta moja nzee niliyoinunua Ruiru, yenye skrini mbili, kila moja na kibodi yake, ili wateja wawili wagawane; skrini moja inaitwa mteja1, nyingine mteja2. Ikianza kujikokota, nafungua ile skrini nyeusi kwa dawati langu, naandika amri ya top, na orodha inatokea: mteja1 anakula memori kiasi gani, mteja2 kiasi gani. Anayekula sana namwomba afunge kitu. Shule niliachia darasa la nane, lakini hii niliijua, na Mungu anisamehe, nimejivunia sana.

Mama Wambui alikuja saa nane. Tunaimba naye kwaya. Kiwanda kilimwachisha kazi, na shule moja huko Ruiru inatafuta mpishi. Mwisho wa kutuma ombi ulikuwa leo saa kumi. Alijaza polepole, kidole kimoja, akaweka picha za kitambulisho, vyeti, na barua ya pasta.

Skrini ile nyingine alikuwa nayo Karanja, fundi wa viatu, akitazama mpira.

Saa kumi kasorobo mashine ikakwama. Nikaandika top. Memori imeisha, na mteja2 ndiye amekula karibu yote. Nikajua ni Karanja. Mteja2 ni ile skrini ya mlangoni, miaka yote, na yeye ndiye alikuwa mlangoni. Sikumwomba afunge. Kusema ukweli nilikuwa nimemkasirikia, anashangilia magoli na mama wa watu anahangaika. Nikaandika kill, amri ya kuzima, nikaweka namba ya mteja2, nikabonyeza enter.

"Wuui! Baba Shiro, yote imepotea!"

Aliyeniita alikuwa ni Mama Wambui.

Karanja akacheka. "Yangu sasa inakimbia, mzee! Umeiombea?"

Hapo ndipo nilikumbuka. Asubuhi nikipiga deki nilibadilisha skrini, ya mlangoni nikaiweka ndani na ya ndani nikaileta mlangoni, kwa sababu ya ndani huonekana vizuri hata kwa jua. Mimi mwenyewe, kwa mikono hii. Na zile picha za vyeti vyake ndizo zilikuwa nzito, si mpira.

Tulianza upya, mimi nikimwandikia. Tulipofika kwa barua ya pasta, ukurasa ukasema muda umeisha.

Halafu nikafanya lile linaloniuma zaidi. Aliuliza shida ilikuwa nini.

"Ni uzee wa mashine, mama."

Akanishika mkono. "Usijali, Baba Shiro. Si makosa yako. Mungu ataleta ingine." Mtu aliyepoteza kazi mara mbili, na ndiye ananifariji mimi.

Nimefunga mlango mapema. Nimejaribu kuomba. Nikifumba macho naona ile orodha, na mteja2 akitoweka.

Jumamosi ni mazoezi ya kwaya. Yeye husimama mbele yangu, na sijui sauti nitaitoa wapi.

Najua ule ukurasa hautafunguka tena eti kwa sababu mimi nimetubu. Lakini kesho, kabla sijawasha mashine, nitapita kwake nimwambie ni mimi niliyezima.

Na akiniuliza kwa nini sikusema palepale, mkono wake ukiwa bado kwa wangu, nitamjibu nini?