Karatasi ya Tatu

Mtaa wa Watia Rangi,
Moruda, Kachi,
Gujarat.
14 Novemba, 2022.

Mpendwa Baba Mdogo Sumar,

Asalaam aleikum. Umeamkaje huko Kolkata? Homa imepungua? Chakula kinakaa tumboni, au bado ni maji ya wali tu? Sisi tu wazima, ila Bibi magoti yanamsumbua kwa baridi hii, na ukimwambia apumzike anakununia.

Barua yako ilifika Jumanne. Nilipoona mwandiko si wako moyo ulinidunda. Kumbe dawa za saratani zimekutia ganzi vidole, na Nirmal, tuliyemjua kama mpangaji mwenzako, ndiye aliyekuandikia, kwa Kiingereza maana Kigujarati hajui. Hapa nyumbani anayekijua Kiingereza ni mimi tu, kwa hiyo nikaambiwa nisome huku nikitafsiri.

Nina la kuungama, Baba Mdogo. Nilisoma karatasi mbili tu, ya safari zako na ya hospitali. Ya tatu niliificha kifuani. Ndiyo ile ulimosema kwamba umezunguka nchi tisa ukionyesha vitambaa vyako, lakini wewe mwenyewe ulijionyesha nusu. Kwamba Nirmal si mpangaji mwenzako, ni mwenzi wako wa miaka kumi na tisa. Kwamba daktari amekuruhusu kusafiri mwezi ujao tu, unataka kuja kuchora kitambaa kimoja nyumbani, na bila yeye huji.

Sikukuonea haya. Niliogopa kwamba nikiyatamka yale mbele ya watu, watanitazama na mimi na kuona ninachoficha. Wewe unanielewa. Sina mwingine wa kumwandikia hivi.

Nikakaa kazini. Nikachora nusu ya kitambaa, mti na ndege wake, halafu nikaduwaa hadi rangi ikakauka. Nilipokikunja ili nusu ya pili ipate chapa, haikutoka hata jani. Kosa hilo hapa kwetu hata mtoto wa miaka saba halifanyi.

Bibi akacheka. “Ewe, unaota mchana kama bi harusi?” Kisha akanikazia macho. “Kusoma sijui, kuhesabu najua. Bahasha ilitoa karatasi tatu. Nimesikia mbili.”

Nikaitoa kifuani, nikaisoma. Baba alikuwa mlangoni. Akasema, “Aje peke yake. Watu watasema nini?”

“Walisema alipoondoka,” Bibi akamjibu. “Hawajachoka tu?”

Lakini Bibi naye alilia, Baba Mdogo, kilio cha msibani. Alasiri ya kesho yake akaniita nije na kalamu. “Andika kwamba nimekasirika. Miaka kumi na tisa mtu ananitunzia mwanangu, nami sijui hata mama yake anaitwa nani! Andika waje wote wawili.”

Baba bado amenuna. Sitakudanganya kwamba yamekwisha. Ila jana alikaza kamba za kitanda chako cha zamani, na alipomaliza, bila kumtazama yeyote, akaenda kwa jirani kuazima cha pili.

Shangazi Jenabai na wanawe wanakusalimu. Nirmal naye mpe salamu zetu, na umwulize jina la mama yake, Bibi analingoja. Mungu akupe nafuu ya kukufikisha.

Mwanao akupendaye, asiyeficha tena barua,
Sahera