Shali la Mama Halitakuja Voi

Nyuma ya Soko,
Malaba, Busia.
Jumapili, 18 Mei 2025.

Mpendwa mdogo wangu Amongin,

Yoga noi! Hujambo wewe na shemeji? Na ule mgongo wako umepata nafuu, ama bado unatembea kama mtu anayetafuta sindano chini? Sisi huku ni wazima. Mvua imenyesha mpaka njia ya kwenda kisimani imekuwa mto, mahindi yamefika magotini, na goti langu la kushoto linanikumbusha kila asubuhi kwamba nina miaka hamsini na nane. Lakini nacheka tu. Ukisoma hadi mwisho utajua kwa nini.

Nimeandika kwa Kiswahili, si kwa Kiteso, ili Sharlyne mwanao asome mwenyewe. Najua Kiteso chake kinaishia kwenye salamu, na si kosa lake, ni lako uliyemlea huko Voi. Mpe barua hii mkononi. Akae chini, alipumzishe hilo tumbo, na asome taratibu. Si sasa ni miezi saba?

Najua umefungua bahasha huku macho yakitafuta kifurushi. Methuselah wa lori alikuja kuchukua shali la Mama, lile uliloniomba kwa ajili ya mtoto wa Sharlyne, nami nikakuahidi tangu Krismasi. Nimempa barua peke yake. Usinune kwanza. Shali haliji, na sababu nitakueleza, ijapokuwa inaniaibisha mimi ambaye unajua sipendi kuaibika.

Mourine wangu alijifungua tarehe kumi na moja Machi. Kijana, kilo tatu na nusu, nywele kama amezaliwa akitoka kwa kinyozi. Uzuri wote ni wa kwetu. Paji la uso tu ndilo la Elungat, mume wake, na hilo litafunikwa na kofia.

Siku ya tano nikaenda kwa wakwe kumwona mtoto na kusaidia kumpa jina. Nilibeba kuku wawili, unga wa wimbi na shali. Amongin, ungeniona! Nililikunjua mbele ya watu wote. Shali lililotubeba mimi na wewe, likabeba na watoto wangu wanne, na halina hata uzi mmoja uliolika. Mama Elungat, mkwe wa Mourine, akalishika akaniuliza, "Mama Apolot, hili umelitoa dukani jana?" Nikamwambia kwangu nondo hawana kazi. Unajua nauza nguo za watoto za mitumba soko la Busia, na hakuna anayeniweza kwa kutunza nguo. Sanduku langu la bati nalijaza vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo, vyenye harufu ya kukamata pua. Shali lilikuwa limelala humo miaka kumi na minne. Nikamfunga mtoto nalo toka kichwa hadi miguu. Nyumba nzima ikanuka, nami nikaona hiyo ndiyo harufu ya usafi.

Halafu jina. Sharlyne, kwetu bibi anachovya kidole kwenye ajon, ile pombe yetu ya wimbi, anamwekea mtoto mdomoni huku majina yanatajwa. Jina litakalomkuta akinyonya kidole ndilo lake. Wakataja majina manne ya upande wao, kijana amefunga mdomo kama karani wa mpakani saa ya chakula cha mchana. Nikashindwa kunyamaza. Nikasema, "Emorut." Akanyonya kidole mpaka watu wakapiga vigelegele.

Mama yako anajua Emorut ni nani, wewe Sharlyne hujui. Alikuwa kaka yetu mkubwa. Aliishi siku tisa. Alizaliwa mzima, akageuka manjano, akafa, na bibi zetu wakamwambia Mama kwamba ni yeye aliyekula kitu kibaya akiwa na mimba. Mama aliingia kaburini akiamini hivyo.

Siku tatu baada ya jina, macho ya mtoto wetu yakawa manjano. Nikasema aoteshwe jua. Mama Elungat naye akasema jua. Tukamwotesha jua asubuhi nzima, tena ndani ya shali asipigwe na baridi. Kesho yake manjano yakafika miguuni, mkojo kwenye nepi ukawa kama chai ya rangi, na titi akalikataa. Wakati huo kuna mtu alikuwa amemnong'oneza Mama Elungat habari za kaka yetu. Akanigeukia. "Ulimwita marehemu kwenye kinywa cha mjukuu wangu. Sasa amekuja kuchukua mwenzake."

Nilikuwa nimeanza kuamini.

Tukachukua bodaboda mbili hadi hospitali. Wakamlaza chini ya taa ya buluu, macho yamefungwa kitambaa, uchi kama siku aliyozaliwa. Daktari hakutuficha. Alisema damu ya mtoto inavunjika haraka kuliko mwili unavyoweza kusafisha, na hayo manjano yakifika kwenye ubongo tunaweza kumpoteza, au abaki bila kusikia. Wakatafuta damu ya kumwongezea. Mama Elungat akaketi mwisho wa benchi na mimi mwisho mwingine. Alikuwa akimwita "mtoto". Lile jina hakulitaja tena.

Ndipo akaja Apolot, binti yangu mkubwa. Nimekwisha kukuambia Apolot anafanya kazi kwenye maabara ya utafiti kule Alupe? Najua nimekuambia, lakini nitakuambia tena. Ndiye wa kwanza katika ukoo wetu kuvaa koti jeupe bila kuuza nyama. Kazi yao ni kuchunguza damu ya watoto wachanga, magonjwa ambayo mtoto anazaliwa nayo kutoka kwa wazazi, yale ambayo zamani tuliyaita bahati mbaya. Watu wenye ndevu zao wanamsubiri yeye aseme matokeo.

Aliingia, akaenda kumkumbatia dada yake, akasimama katikati. Akanusa.

"Mama, hiyo harufu ni ya nini?"

"Ni ya usafi," nikamjibu.

Akalichukua shali mapajani mwangu akatoka nalo nje ya wodi, hata salamu hajanipa! Nilikasirika, nikamfuata nimwulize kama huko chuoni walimfundisha kunyang'anya mama yake. Nikamkuta tayari anaongea na daktari, wote wawili wameinamia daftari, na wameacha kutembea. Nikajua kuna jambo.

Alinieleza baadaye, mara tatu, mpaka nikashika. Ndani ya damu ya kila mtu kuna vitu vidogo sana vinavyofanya kazi bila kuonekana, vinaitwa vimeng'enya. Neno hilo nimelifanyia mazoezi, sasa nalisema bila kujikwaa. Kuna kimoja kazi yake ni kuikinga damu isiharibiwe na sumu. Watu wengi wa huku kwetu kwenye malaria wanazaliwa nacho kidogo, na wanaishi vizuri tu hadi wakutane na kitu kinachoivunja damu. Dawa fulani zinaivunja. Na vile vidonge vyangu vya nondo vinaivunja. Mtoto anavuta ile harufu, inamwingia na kwenye ngozi, naye hana kinga.

Wanapima kwa tone la damu kwenye karatasi. Wanalitia dawa, wanaliangalia chini ya taa maalumu. Damu yenye kinga inang'aa. Apolot alinionyesha lake mwenyewe, linang'aa kama jicho la paka. La mjukuu wangu lilikuwa jeusi, kimya. Akanipima na mimi. Langu liling'aa kidogo, kama kandili inayoishiwa mafuta. Akaniambia sisi wanawake tunaweza kuibeba hali hii maisha yote bila kuumwa, tukawapa watoto, na wavulana ndio wanaoumia zaidi.

Amongin, nililia mbele ya manesi. Nilisema nimemuua mjukuu wangu kwa majivuno. Apolot akanishika mabega kama vile mimi ndiye mtoto. "Mama, hujamuua. Yuko hai. Na sasa tunajua."

Kaka yetu hawezi kupimwa, Apolot hakutaka kusema asilolijua. Lakini amesema jambo moja na nimelibeba hadi kaburini kwa Mama, nikamwambia kwa sauti: hakuna chakula ulichokula wewe kilichomuua.

Siku ya tatu hospitalini manjano yalianza kurudi nyuma. Siku ya tano alinyonya mpaka Mourine akapiga kelele. Siku ya tisa nesi akasimama mlangoni na karatasi za kwenda nyumbani, akaita, "Emorut! Emorut ni wa nani?" Nilikuwa nafungua mdomo. Aliyeruka kwanza ni Mama Elungat. "Yuko hapa! Emorut wangu yuko hapa!" Halafu akanitazama, akaona namtazama, tukacheka mpaka nesi akatufukuza.

Sasa ana miezi miwili. Anasikia vizuri, nikikohoa anageuka. Kwenye kitabu chake cha kliniki Apolot ameandika kwa kalamu nyekundu dawa asizopewa, na Mama Elungat anakionyesha hata kwa watu wanaokuja kuuza nyanya.

Basi Sharlyne mwanangu, sikia. Mama yako ametoka tumbo moja na mimi, na anaweza kuwa amebeba nilichobeba, nawe pia. Mwambie daktari wako kabla ya kujifungua, mtoto apimwe akizaliwa. Vidonge vya nondo visiingie nyumbani, hata kama ni vya mama mkwe. Nguo za watu usimvalishe kabla hujajua zilihifadhiwa na nini. Ukimwona ana manjano, jua la asubuhi lisikucheleweshe. Kimbia hospitali. Namba ya simu ya Apolot iko nyuma ya ukurasa huu, na nimemwambia ukipiga asipopokea atanijibu mimi.

Nisalimie shemeji, mwambie lile deni lake la kuja kututembelea linazeeka. Msalimie jirani yenu Apeduno na watoto wake. Apolot, Mourine, Elungat na Mama Elungat wanawasalimu sana, na Emorut angewasalimu lakini amelala na mdomo wazi. Mungu aliyeturudishia wetu amlinde na huyo anayekuja, mpite salama nyote.

Ni mimi dada yako nikupendaye, tena bila kuchoka,

Mama Apolot

Nimesahau: vidonge nimevitupa chooni vyote, na nguo zangu za kuuza sasa nazianika juani. Shali sikulichoma, ni la Mama. Nimelitundika kwenye kibanda cha kuni, mbali na watoto, lipigwe na upepo. Jana nimeona tundu la kwanza kwenye pindo, dogo kama punje ya wimbi. Nikamwacha nondo aendelee kula.