Taa ya injini inayowaka Lushoto na kuzimika Mombo

Jumatano. Ukungu umeshuka mpaka mlangoni, vidole vinagoma kwenye kibodi, na mimi nacheka peke yangu humu intaneti kafe mpaka dada anayesimamia kompyuta amehamisha kiti.

Nimeukamata ugonjwa wa gari yangu.

Ni steshenwagoni nyeupe ya mtumba, kongwe kuliko ndoa yangu. Tuliinunua mimi na kaka yangu Hoza, serikali ilipofungulia biashara na magari ya Japani yakaanza kumwagwa bandarini kama viatu vya mnadani. Nashusha nayo plamu na kabichi za Kwai mpaka Magoma, napanda na mchele. Katikati ya hapo nabeba wagonjwa, maharusi, na kila bibi nitakayemkuta anapanda mlima na mzigo. Sijisifu, lakini watoto wawili wamezaliwa kwenye kiti changu cha nyuma, na mmoja ana jina langu.

Miezi mitatu sasa, tangu baridi ianze, ile taa ya njano yenye picha ya injini imekuwa ikiwaka inapojisikia. Huku juu asubuhi inawaka. Naikimbiza kwa fundi Mombo, nafika, imezimika. Mara ya tatu fundi hakunyanyuka hata kwenye benchi.

"Bwana mkubwa, hiyo taa unaiota. Nikuchomolee balbu upate usingizi?"

Kaka Hoza yeye hakucheka. Alisema injini inakufa kidogo kidogo, na Ijumaa hii kuna mtu wa Magoma anakuja kuichukua. Taa ikiacha kuwaka kabla ya hapo, tutaongea. Isipoacha, inauzwa.

Nililia kidogo. Watu niliwaambia ni ukungu.

Shule niliachia darasa la sita, ila dunia nimeisoma. Nikanunua daftari, kila taa ikiwaka naandika: mahali, saa, nimebeba nini, mpaka nilichokula. Baada ya wiki nikapata jibu. Kabichi! Nikipakia kabichi huku juu, taa inawaka. Nikishusha Magoma, imezimika. Nikaitangazia stendi nzima kwamba kabichi ina unyevu unaoingia kwenye nyaya. Watu wakatikisa vichwa kwa heshima.

Jana asubuhi nikatoka Kwai gari tupu. Taa ikawaka.

Nikaegesha karibu na njia ya Kifungilo, nimeshika kichwa, nikiona Ijumaa inakuja kama lori lisilo na breki. Pikapu ikasimama nyuma yangu, akashuka sista mmoja mtu mzima, dereva mwenyewe, mikono ina grisi.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba. Imekufa?"

"Haijafa, Sista. Inanitania."

Akafungua boneti bila kuniomba ruhusa. Akaushika ule mpira wa juu wa rejeta kama mama anayempima mtoto homa.

"Umetoka nayo wapi?"

"Kwai."

"Kwai mpaka hapa, na mpira baridi hivi? Thamostati yako iko wapi?"

Nikajibu kwa fahari, maana hapo nilijua aliyeulizwa ni mtaalamu. Nikamwambia nimeitoa mwenyewe, mwaka sasa. Kile ni kidude cha nchi za baridi, kinazuia maji yasizunguke mpaka injini ipate moto, huku Afrika cha nini? Elimu hiyo nimeitoa Lubumbashi, Sista, nikiwa utingo wa malori.

Akaniangalia. Nilikuwa nimevaa sweta mbili, koti la mtumba la watu wa theluji, na kofia ya sufu. Nikiongea, mdomo unatoa moshi.

"Na hapa tuliposimama," akasema, "ni wapi?"

Nikaivuta kofia mpaka masikioni.

Kumbe kila asubuhi injini inatembea haipati moto, kompyuta yake inalalamika, taa inawaka. Nikiteremka Mombo, joto la kule linaipasha, inanyamaza. Daftari lilikuwa limeandika kila kitu. Mimi nilikuwa nasoma kabichi tu.

Kidude kilikuwa bado nyumbani kwenye kopo la misumari. Nilikichemsha kwanza kwenye sufuria nione kama bado kinafunguka kikipata moto.

"Leo tunakunywa chai ya chuma?" mke wangu akauliza.

Kilipofunguka taratibu ndani ya maji, niliruka jikoni kama mtu aliyepata mtoto wa kiume. Mchana nikakirudisha mahali pake.

Leo asubuhi kaka alishika usukani mwenyewe. Lushoto mpaka Kwai na kurudi, ukungu huu huu. Mshale wa joto ukapanda mpaka katikati, jambo ambalo sijaliona mwaka mzima. Taa, kimya. Nilikuwa siitazami barabara, naitazama dashibodi kama televisheni.

"Ilikuwa nini?" akauliza.

Hapa nakiri: uongo ulikuwa tayari mdomoni, tena mzuri, wa waya na fyuzi. Lakini huyu ni kaka yangu, na alikuwa karibu kuuza kitu kizima kwa sababu ya mdomo wangu. Nikamweleza yote.

Akasimamisha gari. Akaweka paji la uso kwenye usukani, mabega yanacheza. Kisha akahamia Kishambaa, na aliyoyasema huko hayaandikiki. Tulipofika penye mtandao akatoa simu, akampigia yule mtu wa Magoma.

"Samahani, bwana. Gari haiuzwi. Mdogo wangu amepona."

Tangu saa ile sijatulia. Nimepiga honi kwa watu nisiowajua.

Ila lipo ambalo sikumwambia. Mwaka jana nilipotoa kile kidude, sikunyamaza nacho. Watu watatu pale stendi waling'oa vya kwao kwa ushauri wangu. Mmoja ni mwalimu wa madrasa. Chake nilikitoa kwa mikono yangu hii, na akaniombea dua. Siku hizi taa yake nayo inawaka asubuhi, na anasema ni kijicho cha majirani. Ameshaacha kusalimiana na nyumba mbili.

Kesho nakwenda kwake na spana. Swali ni moja: nimweleze kabla ya swala ya alfajiri, au nimsubiri atoke, akiwa amelainika?